Shule ya chata inataka ripoti, mahojiano na namba ya Social Security kabla ya kumpa mwanangu nafasi. Ni halali?

Swali limetoka kwa mama mmoja aliyeishi miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, na sasa yuko Brooklyn Park, Minnesota. Nalifupisha: "Nina binti anayeingia chekechea na kijana anayeingia darasa la nne. Karibu na kwetu kuna shule ya chata inayosifiwa, nikaenda kuomba nafasi. Ofisini wakaniambia nilete ripoti za shule, cheti cha kuzaliwa na namba ya Social Security, kisha tuje siku ya mahojiano ili kijana apimwe Kiingereza. Nilipotaja kwamba ana IEP, yaani mpango wa elimu maalumu alioandikiwa shuleni, kwa sababu hasikii vizuri, dada wa mapokezi akasema labda shule ya wilaya ingemfaa zaidi. Jirani ananiambia yupo mtu anayewapangia wazazi nafasi kwa pesa. Je, wana haki ya kudai haya yote? Na sisi tumeshachelewa?"

Mama, asante kwa kueleza kinaganaga. Jibu fupi ni hapana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho shule inaweza kukiweka kuwa sharti la kukupa nafasi. Baadhi ya karatasi hizo zitahitajika baadaye, nyingine hazitahitajika kabisa, na lile neno ulilotupiwa kuhusu kijana wako ndilo zito kuliko yote. Nitalirudia kwa urefu, maana hapo ndipo familia nyingi zetu hupoteza nafasi na kurudi nyumbani zikidhani zimeshauriwa vizuri.

Kwanza ujue unashughulika na shule ya aina gani. Shule ya chata ni shule ya umma. Inaendeshwa kwa fedha za serikali, haitozi ada, hairuhusiwi kuwa ya dini, na inafuata mitihani ya jimbo kama shule nyingine. Tofauti yake ni kwamba haiko chini ya ofisi ya elimu ya wilaya. Ina bodi yake, na bodi hiyo ina mkataba na taasisi iliyoipa kibali na inayoikagua. Minnesota ndilo jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya shule hizi, mwaka 1991, na ya kwanza kabisa, City Academy, ilifungua milango Saint Paul mwaka 1992. Leo ziko katika majimbo zaidi ya 40.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu tumekulia mahali ambapo shule yenye jina humpima mtoto kwanza. Awe Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, mzazi anayetafuta shule nzuri ya binafsi anajua kuna mtihani wa kuingia, kuna mahojiano, na ripoti za nyuma zinatakiwa mezani. Kwa hiyo katibu wa shule ya chata anapomwambia alete ripoti, haoni ajabu yoyote. Lakini hapa mezani kwa katibu huyo sheria ni nyingine kabisa.

Sheria ya Minnesota inayohusu uandikishaji wa shule za chata ni kifungu cha 124E.11. Inasema shule lazima impokee kila mwanafunzi anayestahili aliyeleta maombi kwa wakati, isipokuwa maombi yakizidi nafasi za programu, darasa, kiwango au jengo. Yakizidi, wanafunzi wanapatikana kwa droo. Shule inaweza kujiwekea mipaka ya umri au ya madarasa inayofundisha. Inaweza pia kuhudumia vijana walio katika hatari ya kuacha shule ambao jimbo limewawekea mpango wao, na katika hali fulani inaweza kujifunga kwa wakazi wa eneo lake. Zaidi ya hapo hakuna. Kifungu kinakataza waziwazi kumchuja mtoto kwa akili, kwa alama, kwa kipaji cha masomo au kwa uwezo wa michezo, na kinakataza shule kujibunia masharti mengine ya kuingia.

Kwa hiyo mambo huenda kwa mpangilio huu: unaomba, droo inachezeshwa kama maombi ni mengi, unapewa nafasi, unaikubali, ndipo unaandikisha. Karatasi ni za hatua ya mwisho. Fomu ya kuomba ya kawaida haihitaji zaidi ya jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, darasa analoliomba, jina na anwani ya mzazi, na kama ana ndugu pale shuleni. Ukiona fomu ya kuomba inauliza alama, lugha, ulemavu au hadhi ya uhamiaji, usijaze sehemu hizo. Jaza hayo mengine na uirudishe.

Sasa tuzipitie karatasi ulizotajiwa. Ripoti za shule hazina kazi yoyote kabla ya nafasi. Baada ya kuandikishwa, shule mpya huomba yenyewe faili la mtoto kutoka shule ya zamani, na kukosa ripoti za kambini si sababu ya kumzuia asianze. Namba ya Social Security huwezi kulazimishwa kuitoa leo wala baadaye. Shule ikiiomba iseme kwamba ni hiari, na ukikataa mtoto hapotezi chochote. Msingi wake ni Sheria ya Faragha ya shirikisho ya mwaka 1974. Ipo pia hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982, kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, iliyosema mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji. Shule ya chata ni shule ya umma, basi hukumu hiyo inaifunga vilevile. Nyinyi mlikuja kwa njia ya ukimbizi na karatasi zenu zimenyooka, lakini hata hivyo sikushauri uanze kwa kuweka kadi za uhamiaji mezani. Hazihitajiki pale, na ukizitoa wewe, mzazi anayekufuata kwenye foleni ataulizwa za kwake.

Kuhusu umri, shule inaweza kutaka uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa wakati wa kuandikisha, lakini haiwezi kung'ang'ania cheti cha kuzaliwa pekee. Kadi ya chanjo, cheti cha hospitali, cheti cha ubatizo au tamko la mzazi lililoapishwa ni karatasi ambazo shule zimezoea kuzipokea. Hapo familia zilizopitia kambini zina jambo lao. Watoto wengi waliandikiwa 1 Januari kwa sababu tarehe kamili haikujulikana au karani alikuwa na haraka. Minnesota inataka mtoto wa chekechea awe ametimiza miaka 5 ifikapo 1 Septemba. Mtoto aliyeandikiwa 1 Januari 2021 anastahili kuingia Septemba 2026, hata kama wewe unajua alizaliwa Novemba ya mwaka huo. Shule itafuata karatasi. Kama binti yako yuko katika hali hiyo, usiifiche: mwambie mwalimu umri wake wa kweli, maana tofauti ya miezi kumi kwa mtoto wa chekechea ni kubwa, na asije akahesabiwa kuwa mzito wa kuelewa wakati ni mdogo tu kuliko wenzake. Ukiona bado hajawa tayari, una ruhusa ya kusubiri. Sheria ya jimbo inamlazimisha mtoto kuanza masomo akiwa na miaka 7.

Chanjo ni jambo la lazima, ila nalo ni la baada ya kupewa nafasi. Zile karatasi za afya mlizosafiri nazo kwenye mfuko wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, zina orodha ya chanjo za watoto, na kliniki iliyowapima mlipofika Minnesota inayo kumbukumbu yake. Waombe nakala. Uthibitisho wa makazi ni mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Na kama wapo wanaosoma hapa wanaoishi kwa ndugu kwa sababu wamepoteza nyumba au hawamudu kodi, hao sheria ya McKinney-Vento inawalinda: mtoto akishapata nafasi anaandikishwa papo hapo, karatasi zinafuata baadaye, na kila wilaya na shule ya chata inayojitegemea lazima iwe na mtu wa kuwashughulikia. Ulizia mtu huyo.

Kupimwa Kiingereza kunachanganya wazazi kwa sababu kipimo chenyewe ni halali. Kila mwanafunzi mpya Minnesota hujaziwa fomu inayouliza lugha anazozungumza nyumbani. Majibu yakionyesha lugha nyingine, mtoto hupewa kipimo cha WIDA ili ijulikane anahitaji msaada kiasi gani. Shida ni siku ya kukifanya. Kipimo hicho ni cha mwanafunzi aliyekwisha kuandikishwa, kwa ajili ya kumpatia huduma. Kikifanywa kabla ya droo kinakuwa chujio, na kumchuja mtoto kwa sababu ya lugha ya nyumbani kunagonga Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Na fomu ya lugha ikija, ijaze kwa ukweli. Nawajua wazazi wanaoandika "Kiingereza" wakihofia mtoto atatengwa, kumbe wamemnyima mwalimu wa lugha ambaye shule inalazimika kumpa. Ukiona baadaye huduma hiyo haimfai, una haki ya kuikataa kwa maandishi.

Nikija kwa kijana wako, naomba usome polepole. "Labda shule ya wilaya ingemfaa zaidi" ni maneno ya upole, na pengine yule dada aliyasema kwa nia njema. Lakini ni maneno ambayo sheria haimruhusu kuyasema mfanyakazi wa shule ya umma kwa mzazi anayeomba nafasi. Shule ya chata Minnesota inawajibika kwa mtoto mwenye ulemavu kama ilivyo shule ya wilaya, chini ya sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, na kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973. Haiwezi kusema haina mwalimu wa watoto wasiosikia vizuri. Inapaswa kumtafuta, kumkodi au kushirikiana na taasisi nyingine. Na kuhusu gharama, jimbo lina utaratibu wa kuirudishia shule ya chata sehemu kubwa ya kile inachotumia kwa elimu maalumu, kwa hiyo hata hoja ya fedha haisimami.

Mtoto mwenye IEP anapohamia shule nyingine ya umma ndani ya jimbo, shule mpya inaanza siku ya kwanza kumpa huduma zinazolingana na zile za IEP ya zamani, mpaka timu ya pale itakapoipitisha kama ilivyo au kuandika mpya. Wewe ni mmoja wa timu hiyo. Ikitokea timu ikaona kuna mahali pengine panapomfaa zaidi, hayo yanazungumzwa kikaoni, baada ya mtoto kuandikishwa, mbele yako, ukiwa na mkalimani ambaye shule inamlipa. Hayaamuliwi kaunta na mtu wa mapokezi. Na tafadhali usimfanye binti wa jirani kuwa mkalimani wako siku ya kikao hicho.

Ningependa uwaandikie leo, barua pepe fupi, hata kwa Kiswahili. Kukuelewa ni wajibu wao. Maneno yanatosha kuwa hivi: "Mimi ni mzazi wa watoto wawili. Tarehe fulani nilifika ofisini kuomba nafasi ya chekechea na ya darasa la nne. Niliambiwa mwanangu mwenye IEP huenda asifae hapo. Naomba fomu ya maombi ya watoto wote wawili na sera yenu ya droo. Ikiwa shule inakataa kupokea maombi ya mwanangu, naomba sababu kwa maandishi." Weka tarehe ya kweli na jina la uliyezungumza naye kama unalikumbuka. Mara nyingi sentensi hiyo ya mwisho humaliza ubishi, kwa kuwa hakuna mkuu wa shule anayetaka kuandika sababu kama ile kwenye karatasi.

Sera ya droo uliyoiomba hapo si siri. Sheria inailazimisha kila shule ya chata kuiandika na kuiweka kwenye tovuti yake. Isome kabla ya kujaza fomu, maana ndani yake ndimo kuna mwisho wa maombi, siku ya droo, na wanaotangulizwa. Minnesota wanaotangulizwa kwa lazima ni ndugu wa mwanafunzi aliyekwisha kuandikishwa na mtoto wa kulea anayetunzwa na wazazi wa mwanafunzi huyo. Shule ikipenda inaweza kuwatanguliza watoto wa wafanyakazi wake, na watoto wanaotoka kwenye darasa lake la awali lisilolipiwa kuingia chekechea. Rafiki wa mkuu wa shule hayumo, wala mzazi aliyejitolea kupaka rangi ukuta.

Hapo kwa ndugu ndipo kuna bahati yenu. Nafasi nyingi za shule yoyote hufunguka darasa la kuingilia. Chekechea yote inaanza upya kila mwaka, wakati darasa la nne linajazwa tu na nafasi za waliohama. Kwa hiyo binti yako ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kuliko kaka yake, na akishaandikishwa, kaka anakuwa ndugu wa mwanafunzi na anapanda mbele ya wengine. Waombee wote wawili kwa wakati mmoja, na katika kila fomu andika jina la mwingine. Nimeona familia inayomwombea mkubwa peke yake kwanza, ikisema mdogo atafuata, na wote wawili wakabaki orodha ya kusubiri. Uliza pia kama orodha hiyo inaendelea mwakani au inafutwa. Shule nyingi huianza upya kila mwaka na mzazi asiyeomba tena hupotea.

Huyo mtu wa kupanga nafasi kwa pesa, achana naye. Kuomba ni bure na droo haiuzwi. Kadhalika sheria inaikataza shule yenyewe kumpa mzazi kitu chenye thamani ili amwandikishe mtoto, kwa hiyo ukiahidiwa kompyuta ya bure au kadi ya dukani kwa kuhamisha watoto, hiyo nayo ni kinyume cha sheria. Na kwa kuwa wengi huniuliza: ziko shule za chata Minneapolis na Saint Paul zilizojengwa kuzunguka utamaduni wa jamii fulani, Wahmong, Wasomali na wengine. Zote ni wazi kwa kila mtoto. Mkongomani Mkristo hawezi kuambiwa hapa ni pa Wasomali.

Kuhusu kuchelewa: huenda umesikia ikitajwa tarehe ya 15 Januari. Hiyo ni ya kuomba kuhamia shule za wilaya nyingine. Haiihusu shule ya chata. Kila shule ya chata ina tarehe yake, nyingi zikiwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka, na ikishapita, shule inaendelea kupokea maombi mradi nafasi ipo, hata katikati ya muhula. Omba shule tatu au nne kwa pamoja, inaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni mtoto kuandikishwa mbili. Usimtoe kijana shule aliyopo mpaka upate maandishi kwamba amepokelewa, na ukiipata ofa angalia siku za kuijibu, kwani ukipita muda nafasi inaenda kwa anayefuata.

Akishaandikishwa Minnesota, nafasi ni yake. Haombi upya kila mwaka, na shule haiwezi kumwambia asirudi kwa sababu ya alama au IEP. Kumfukuza kunapita kwenye utaratibu uleule wa kisheria wa shule za wilaya. Ila kuna mtego mmoja unaozinasa familia zetu. Mwanafunzi asipoonekana siku 15 za shule mfululizo, jimbo linataka afutwe kwenye daftari. Mkienda kuzika Uvira au kumwona bibi Kigoma mkakaa mwezi mzima katikati ya muhula, mnaweza kurudi mkakuta kiti kina mtu. Zungumza na shule kabla ya kukata tiketi.

Walio majimbo mengine wasichukue haya yote kama yalivyo. Haki za lugha, ulemavu na uhamiaji ni za shirikisho na ziko kila mahali, lakini mengine hutofautiana. Jijini New York mwisho wa maombi ni 1 Aprili, na wakazi wa wilaya ya shule hutangulizwa. California inakataza waziwazi kuomba rekodi za mtoto kabla ya kumwandikisha, na kulikuwa na sababu: mwaka 2016 watetezi wa haki za kiraia walipitia sera za shule za chata za jimbo hilo wakakuta zaidi ya 250 zenye masharti ya kuchuja. Texas imekuwa ikiruhusu shule kumkataa mtoto mwenye rekodi ya utovu wa nidhamu, na Arizona inaruhusu kumkataa aliyefukuzwa shule nyingine. Mzazi wa Houston au Phoenix mwenye kijana wa namna hiyo aulize mapema.

Wasipokujibu, usiende kulalamika ofisi ya wilaya. Haina mamlaka juu yao. Anza na bodi ya shule. Vikao vyake ni vya wazi, na sheria ya Minnesota inataka ndani yake awepo angalau mzazi mmoja na mwalimu mmoja. Kisha iandikie taasisi iliyoipa kibali, ambayo jina lake liko kwenye tovuti ya shule, na nakala uitume idara ya elimu ya jimbo. Taasisi hiyo iliyotoa kibali ndiyo yenye uwezo wa kukataa kuuongeza mkataba, na shule zinalijua hilo. Kwa suala la usikivu wa kijana na la lugha, unaweza pia kulalamika Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara ya elimu ya shirikisho. Muda ni siku 180 tangu tukio, ukihesabu kuanzia siku ile uliyosimama pale mapokezi, kwa hiyo andika tarehe hiyo mahali sasa hivi.